Gari Lilitibiwa Kwanza

Lifti ilikuwa mbovu, na ofisi ya bima ilikuwa ghorofa ya tatu. Evelina alipanda ngazi moja baada ya nyingine, gongo kwapani, mkono wa kushoto ukivuta chuma cha ukutani. Nyuma yake alikuja binti yake Hellen, faili limebanwa kifuani, mkono mmoja uko tayari kumdaka mama yake.

"Mama, tupumzike kidogo."

"Nikipumzika nitakaa. Nikikaa sitaamka. Twende."

Juu walipokelewa vizuri. Kijana wa madai aliitwa Farouk. Jina lilikuwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwake. Akatoa shikamoo, akamvutia Evelina kiti chenye mto, akaulizia jua la Nyamagana. Kisha akafungua faili, na wema ukaishia hapo.

"Pole sana, mama yangu. Lakini dai lako limechelewa. Ajali ni ya miaka miwili na miezi minane iliyopita."

"Sheria inatoa miaka mitatu ya kufungua madai," Hellen alisema harakaharaka. Alikuwa amemaliza chuo mwaka uliopita, kazi hajapata, na kwa miezi miwili alikuwa akisoma mambo ya bima kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

"Hiyo ni mahakamani, dada. Sisi tuna masharti yetu, taarifa inatakiwa mapema. Halafu kuna hii." Farouk akachomoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akaikunjua mezani. "Si sahihi yako hii, mama?"

Evelina aliitambua kabla hajavaa miwani. *Mimi Evelina nimemsamehe ndugu Nestory kwa moyo mmoja, na sina madai yoyote juu yake.*

"Ni yangu."

"Basi unaona mwenyewe. Ulishasamehe."

Evelina akaitazama karatasi, kisha akamtazama kijana.

"Nilimsamehe Nestory," alisema. "Ninyi sikuwasamehe. Sikuwa hata nawajua."

Dada wa meza ya jirani alicheka, akajifanya anakohoa.

Ajali yenyewe ilitokea asubuhi, Pasiansi, pale ambapo Evelina alikuwa akiuza mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki viwandani minofu ikishachukuliwa. Aliyakaanga mwenyewe kwenye karai kubwa, na watu wa Pasiansi walisema kwamba mapanki ya Mama Hellen yanaliwa mpaka kichwa. Siku hiyo alikuwa amesimama nje kabisa ya lami, ndoo iko chini, anakaza kitenge kabla ya kuvuka. Pikapu ya barafu ikaja kutoka upande wa uwanja wa ndege, ikaacha barabara, ikamfuata. Kitu cha mwisho alichokiona kilikuwa uso wa Nestory, jirani yake, na simu iko sikioni.

Alilala hospitali wiki sita, mguu umening'inizwa kwa mawe ya uzito. Nestory alikuja kila siku saa sita na chupa ya uji. Mkewe Gladness alimfulia nguo, na anamfulia mpaka sasa. Wiki ya pili Nestory akaja na Mama Chenge, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa, pamoja na ile barua. Pikapu ilikuwa imezuiwa kituo cha polisi, barafu haibebeki, watoto watakula nini? Barua ya msamaha ingesaidia gari litoke. Wakasali, wote wakalia, na Evelina akatia sahihi akiwa amelala chali.

Alipotoka hospitali, walifanya kama ilivyo desturi ya jumuiya yao: waliopatana hula sahani moja mbele ya wenzao. Evelina na Nestory wakala wali na kuku kutoka sahani moja, watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo, neno la madai lilipotajwa, Evelina aliiona ile sahani. Nesi mmoja alimwuliza mbona bima ya gari haijamlipa. Akamjibu, "Siwezi kumshitaki mtu niliyekula naye." Hakuna aliyemsahihisha. Jumuiya nzima iliamini hivyohivyo: kudai ni kumpeleka mwenzako mahakamani, na ukimpeleka mahakamani hukumsamehe.

Mwaka huu daktari akampiga picha upya, akatikisa kichwa. Paja lilikuwa limeunga vibaya. Lazima livunjwe tena na kufungwa chuma, na hilo lifanyike kabla ya mwaka kwisha, la sivyo goti nalo litakufa na gongo litakuwa la maisha. Evelina hakuwa na fedha za upasuaji. Karai lilikuwa limeinamishwa nyuma ya nyumba tangu siku ya ajali, kwa sababu mapanki hayakaangwi na mtu aliyekaa.

Hapo ndipo Hellen alipoanza kusoma kwenye ile simu. Usiku mmoja alimwamsha mama yake. "Mama, Nestory halipi chochote! Alishalipa. Kila mwaka anakata bima ili siku akimgonga mtu, wao ndio walipe. Kudai kwao si kumdai yeye."

Evelina alikaa kitandani muda mrefu, akiwaza miaka miwili aliyoipoteza kwa kulinda sahani.

Sasa, mbele ya Farouk, aliigusa ile barua kwa kidole. "Hii niliitia sahihi iende polisi. Imefikaje huku?"

"Mteja wetu aliileta mwenyewe," Farouk alisema, akapekua. "Wiki ya tatu baada ya ajali. Alipodai matengenezo."

"Matengenezo ya nini?"

"Ya gari. Boneti, taa, rangi. Ana bima kubwa, mama, inalipa na gari lake."

Evelina aliegemeza gongo kwenye meza. Alikuwa akimwombea Nestory kwa ajili ya boneti ile. Alikuwa amemhurumia, akidhani ameitengeneza kwa kuuza mbuzi.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "ajali hii mliijua tangu wiki ya tatu. Gari mkalitibu likapona. Miaka yote hii linapita mbele ya nyumba yangu linang'aa. Halafu mimi ndiye niliyechelewa?"

Farouk alitaka kufunga faili, lakini Hellen alikuwa ameshainama juu ya meza, na macho yake yalikuwa makali.

"'Alikurupuka kutoka pembeni,'" alisoma kwa sauti, "'akakimbia kukatiza barabara bila kuangalia.' Nani huyo?"

"Hayo ni maelezo ya dereva."

"Nestory kaandika hivyo?" Evelina aliuliza.

Farouk alishusha sauti. Hakuwa mtu mbaya, na kazi ile ilikuwa bado haijamkausha. "Mama, sikiliza. Niliongea na meneja. Yuko tayari kukupa kifuta jasho. Ni kama nusu ya upasuaji. Unatia sahihi hapa tu, kwamba unakubali ulikatiza barabara, tunamaliza leo."

Hellen akamshika mama yake begani. "Nusu, mama. Nusu nyingine tutachangisha. Kanisani, kwa wajomba kule Misungwi..."

"Sikukimbia."

"Najua, mama, lakini mguu..."

"Hellen. Nilikuwa nimesimama. Mara ya mwisho kusimama kwa miguu yangu miwili ilikuwa pale. Hiyo siwapi." Akalichukua gongo. "Kijana, asante kwa kiti. Tutaonana."

Hawakwenda nyumbani. Walikwenda moja kwa moja mpaka kiwanda cha barafu, na wakamkuta Nestory akipakia, magunia mabegani, maji yanamchuruzika mgongoni. Alipomwona Evelina akishuka kwenye bajaji, akatabasamu.

"Mama Hellen! Umekuja huku kwenye baridi, utaugua."

"Shikamoo, Baba Luhaga," Hellen alisema bila kumtazama.

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Nimetoka kwa watu wako wa bima," Evelina alisema. "Nimesoma ulichoandika."

Tabasamu likaondoka. Nestory alitua gunia, akajifuta mikono kwenye suruali, akajifuta tena ingawa ilikuwa imekauka.

"Yule wakala wa bima ndiye aliyeniambia niandike vile. Alisema nikitaja simu, boneti hailipwi na leseni inaondoka. Nilichanganyikiwa, dada yangu. Nina watoto watano."

"Na mimi?"

"Nilijua umeshanisamehe."

"Nilikusamehe kunigonga," Evelina alisema. "Huu uongo hukuniletea nikusamehe. Uliniletea uji tu."

Wapakizi wawili waliacha kazi wakasimama kusikiliza. Nestory aliwatupia jicho, akasogea karibu. "Unataka nini sasa? Nifungwe?"

"Nataka useme nilikuwa nimesimama. Uende kwa trafiki, ukaandike upya."

"Miaka karibu mitatu imepita, Mama Hellen! Tulikula sahani moja!"

"Na ulipokuwa unakula ulijua umeandika nini. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui nimekula na nani."

Nestory aliinama. Akaliinua gunia. "Barafu inayeyuka," alisema, akawageuzia mgongo.

Ndani ya bajaji Hellen alilia kwa hasira. Alisema ataandika barua kwa msuluhishi wa migogoro ya bima, kwa mamlaka ya bima, kwa magazeti, kwa kila mtu. Evelina alimwacha aseme. "Andika," alimwambia mwishowe. "Andika zote. Lakini Jumamosi jumuiya inasali kwetu. Na yeye atakuja, maana asipokuja watamwuliza kwa nini."

Alikuja. Jumamosi alfajiri watu kumi na saba walibanana sebuleni kwa Evelina, wengine kwenye mikeka, wengine mlangoni. Nestory alikaa karibu na mlango, Gladness kando yake. Waliimba, wakasoma, wakaombea wagonjwa, na mtu mmoja akamwombea Evelina mguu. Kisha Mama Chenge akasema watakiane amani, na watu wakaanza kushikana mikono huku na huku.

Nestory alipofika kwa Evelina, alinyoosha mkono haraka ili aupitishe. Evelina akaushika, na hakuuachia.

"Mama Hellen," Mama Chenge alisema baada ya muda, "tuendelee."

"Tutaendelea." Evelina alikuwa amesimama kwa mguu mmoja na gongo. "Baba Luhaga, nimekupa amani miaka miwili na zaidi. Leo naomba unijibu kitu kimoja mbele ya hawa. Siku ile nilikuwa nimesimama, au nilikuwa nakimbia?"

Mzee mmoja, Antoni, akaguna. "Jamani, mambo ya mahakamani tusiyalete kwenye sala."

"Barua ya msamaha iliandikwa kwenye sala, mzee wangu. Aliyeishika kalamu ni katibu wetu, yuko pale. Mlinisomea nikiwa nimelala na mawe mguuni. Mbona siku hiyo hamkuiita ya mahakamani?"

Katibu aliinamisha uso.

"Mama Hellen, unanidhalilisha," Nestory alinong'ona.

"Kampuni nzima inajua kwamba mimi ni mwanamke aliyekurupuka kama kuku. Imeandikwa, imepigwa muhuri. Nani kamdhalilisha mwenzake?"

Nestory alijaribu kuuvuta mkono. Vidole vya Evelina vilikuwa vimenyanyua karai la mafuta miaka kumi na tano, havikulegea. Akageuka kumtazama mkewe amsaidie, na Gladness akasimama. Alikuwa mwanamke mpole, hata salamu zake zilihitaji masikio mazuri. Lakini siku hiyo walimsikia hata walio nje.

"Jibu, Baba Luhaga. Mimi ulishaniambia. Nimechoka kumfulia nguo mtu huku najua."

Nestory alitazama mikeka. Jasho lilimtoka usoni kama yuko juani.

"Alikuwa amesimama," alisema.

"Walio mlangoni hawajasikia," Evelina alisema.

"Alikuwa amesimama! Nje ya lami. Mimi nilikuwa naongea na simu, sikumwona mpaka... Alikuwa amesimama."

Evelina akauachia mkono wake. "Jumatatu saa mbili, ofisi ya trafiki," alisema. "Mama Chenge, sasa tuendelee."

Jumatatu saa mbili Nestory hakuwepo. Saa mbili na nusu Hellen alianza kutembea huku na huku mbele ya kituo. "Hatakuja, mama. Nilijua tu." Saa tatu kasoro Nestory alitokea kwa miguu, amevaa shati jeupe la kanisani. Hakusalimia mtu. Aliingia, akaomba karatasi, akaandika kurasa tatu, na koplo aliyepokea akamwuliza mara mbili kama anaelewa kwamba anaweza kufunguliwa kesi kwa maneno yake mwenyewe. Alisema anaelewa. Akatia sahihi.

Nje alimsubiri Evelina chini ya ngazi. "Utaweza kunisamehe na hili?"

Evelina alimtazama vizuri. Aliona mtu aliyekonda kwa siku mbili, na moyo wake, ambao siku zote ulikuwa mwepesi kwa watu, ukataka kusema ndiyo. Akauzuia.

"Leo sina nafasi," alisema. "Nina ngazi za kupanda."

Farouk alizisoma zile kurasa tatu akiwa amesimama. Alipomaliza alikaa. "Hii inabadilisha mambo," alisema. "Lakini lazima iende makao makuu, Dar. Sijui itachukua muda gani."

"Gonga muhuri kwenye nakala yangu. Andika na tarehe, ili mwakani mtu asiniambie tena kwamba nimechelewa."

Farouk akagonga muhuri. Kisha akatazama mlango wa meneja, akainama kidogo kwa Hellen. "Mimi sijakuambia kitu. Lakini barua yenye nakala kwenda kwa mamlaka ya bima hujibiwa upesi kuliko isiyo na nakala."

"Ilishakwenda," Hellen alisema.

Tangu hapo Evelina alikwenda kila Jumatatu. Hakugombana na mtu. Alipanda ngazi, akakaa kwenye benchi la wateja mpaka saa sita, akauliza kama kuna jibu, akashuka. Jumatatu ya tatu walimwambia atapigiwa simu, hana haja ya kusumbuka. Akajibu kwamba hasumbuki, anafanya mazoezi ya mguu. Jumatatu ya tano mlinzi wa chini alikuwa ameshazoea kumwandalia kiti apumzike kabla ya kupanda, na kila mara Evelina alimshukuru na kukipita. Wateja wengine walianza kumwuliza amekuja kwa nini, naye akawaeleza bila kupunguza sauti. Wawili kati yao wakakumbuka ajali zao wenyewe, wakaomba fomu.

Jumatatu ya saba Farouk alimpokea mlangoni na bahasha mkononi. "Wamekubali, mama! Upasuaji wote, na fidia ya muda uliokaa bila kazi. Tia sahihi hapa, nakala mbili."

Hellen akafunika uso kwa mikono, mabega yakatikisika. Evelina akavaa miwani. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, mpaka kikasimama.

"Hapa. 'Malipo haya yanatolewa kwa hisani ya kampuni.' Maana yake nini?"

"Ni lugha ya ofisi tu, mama. Haina madhara."

"Kama haina madhara, itoe."

"Fedha ni zilezile!"

"Nimeona. Itoe."

"Mama," Hellen alisema, machozi bado yanamtiririka, "na wakighairi je?"

"Njia ya hapa naijua."

Farouk alisita, kisha akaenda na barua kwenye chumba cha meneja. Sauti zikasikika nyuma ya mlango, moja ya chini, nyingine ya juu. Meneja akatoka mwenyewe, mtu mnene mwenye tai, miwani ameipandisha kwenye paji la uso.

"Wewe ndiye mama wa Jumatatu?"

"Ndimi."

"Unajua unahatarisha fedha zako mwenyewe kwa mstari mmoja?"

"Na wewe unahatarisha nini ukiufuta?"

Watu wote wa kwenye benchi walimgeukia. Meneja aliwatazama watu wale, wengine na fomu mikononi, akamtazama mwanamke mwenye gongo. Akarudi ndani, na Farouk nyuma yake. Muda ukapita. Hellen aliushika mkono wa mama yake akakuta ni wa baridi kabisa, ingawa uso wake haukuonyesha kitu.

Kisha printa ikaanza kunguruma.

Karatasi mpya zilifika zikiwa bado na joto. Evelina alianza kuzisoma tangu mwanzo, kwa sauti, kama anavyosoma somo jumuiyani. Pale palipoandikwa kwamba mdai alikuwa amesimama nje ya barabara gari lilipomgonga, akasoma mara mbili, mara ya pili polepole zaidi. Mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni aliguna kwamba wengine nao wana haraka.

"Subiri, baba," Evelina alimwambia bila kugeuka, akaomba kalamu, na akaanza kuandika majina yake yote matatu, herufi moja baada ya nyingine.